Sukari ya Mikidadi na Uyoga wa Nyanzala

Mwaka ule wa tisini na sita mvua ziliwahi Mpanda, na ilipofika katikati ya Novemba Mikidadi alikuwa anamaliza ndoo nzima ya maji ya kunywa kwa siku. Mwanzoni mke wake, Sikuzani, alidhani ni joto la dukani. Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, pale Majengo, limejaa vitenge, miche ya sabuni na pipa la mafuta ya taa, na juu lilikuwa bati tupu lisilo na dari. Lakini mvua zilinyesha, hewa ikapoa, na mume akaendelea kunywa maji na kwenda chooni, kunywa na kwenda chooni, mpaka wateja wakazoea kumsubiri. Suruali zikaanza kumpwaya. Siku moja Sikuzani aliona sisimizi wamejipanga mstari kwenye ukuta wa choo cha uani, akawamwagia majivu. Kesho yake walikuwa wamerudi.

Hospitali walimpima mkojo. Tabibu aliyewapokea aliitwa Thadei, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu, na alimwambia Mikidadi kwamba ana ugonjwa wa sukari. Akamwandikia vidonge, kimoja kila asubuhi, halafu akampa maelezo marefu ya namna ya kuishi. Maelezo hayo Sikuzani hakuyasikia, kwa sababu alikuwa amepanga foleni kwenye dirisha la dawa. Walipokuwa njiani kurudi alimuuliza mumewe tabibu amesema nini.

"Amesema nipunguze wanga," Mikidadi akajibu.

"Basi?"

"Na sukari. Na mafuta. Mengine ya kawaida tu."

Nyumbani walimkuta wifi yake Sikuzani, Zakia, amekaa kwenye benchi la duka anawasubiri. Zakia alikuwa dada mkubwa wa Mikidadi. Ndiye aliyemleta mdogo wake Mpanda kutoka Ujiji, enzi zile treni ilipokuwa bado inafika bila kuchelewa siku mbili, na mpaka leo alimwangalia kama mtu ambaye bado hajafika vizuri. Aliposikia neno wanga alishika kifua.

"Wanga? Tangu lini hospitali wanajua mambo ya wanga?"

"Wanga wa chakula, wifi," Sikuzani akasema. "Ugali, wali, mihogo."

"Mimi nilishasema. Duka likienda vizuri macho yanakuwa mengi."

"Dada, ni ugali," Mikidadi akasema kwa uchovu, akaingia ndani kunywa maji.

Shida ya Sikuzani ikawa jikoni. Mwanamume ambaye tangu amuoe alikuwa akila sinia la wali na nyama ya mafuta, sasa ampikie nini? Maharage aliyachoka siku ya tatu. Dagaa wa Tanganyika alisema wanamkereketa. Ndipo Sikuzani akaanza kununua uyoga kwa Nyanzala.

Nyanzala alikaa kando ya mashine ya kusaga na kapu lake, uyoga ameupanga mafungu mafungu juu ya majani ya mgomba. Alikuwa Msukuma wa Maswa. Yeye na mumewe walihama na ng'ombe wao wakashuka mpaka Kasansa, na huko mume alifariki, mifugo ikachukuliwa na ndugu wa mume, naye akaja kupanga chumba Nsemulwa, mtaa mwingine wa Mpanda. Kwao Maswa msitu uliisha zamani, kwa hiyo uyoga hakuujua utotoni. Alifundishwa na mama mmoja wa Kibende, jirani yake wa Nsemulwa, ambaye alimtembeza porini misimu miwili mizima kabla ya kumruhusu achume peke yake. Siku hizi alikuwa anaamka alfajiri, anaingia miomboni, na saa nne yupo mashineni na uyoga wa njano, uyoga mweupe wa kwenye vichuguu, na mwingine wa kahawia wenye utelezi.

"Huu ukaange na karanga, Mama Anuari," alimwambia Sikuzani. "Usiuchemshe sana, utakuwa kama kiatu."

Mikidadi aliupenda. Alisema una ladha ya nyama bila kuwa nyama. Mambo yangeishia hapo, uyoga ungekuwa mboga kama mboga nyingine, lau si yule mtaalamu aliyeshuka kwenye treni wiki ya mwisho ya Novemba.

Aliitwa Abednego. Alikuwa kijana mwenye miwani, ametoka chuo kikuu Dar es Salaam, amepanga kwenye gesti iliyotazamana na duka la Mikidadi. Siku ya kwanza alikuja kununua karatasi za kaki na uzi. Siku ya pili alikuja kuuliza kama spiriti inapatikana. Siku ya tatu Mikidadi alishindwa kujizuia, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nakusanya uyoga," Abednego akasema. "Nataka kujua watu wa huku wanakula upi na upi wanautumia kama dawa. Nakwenda porini na mama mmoja anaitwa Nyanzala."

"Tunamjua. Sasa uyoga ni dawa?"

Abednego alikuwa mtu wa kufurahi akiulizwa. Alikaa kwenye benchi, akavuta pumzi, akaanza. Alisema ndani ya uyoga kuna kemikali nyingi. Kuna zinazousaidia mwili kujikinga na maradhi. Kuna zinazopunguza mafuta kwenye damu. Wajapani na Wachina wamezichunguza miaka mingi. Upo uyoga mmoja mgumu kama gamba la mti, unaota kwenye magogo, juu unang'aa kama umepakwa rangi. Panya wenye ugonjwa wa sukari walipopewa maji yake, sukari yao ilishuka.

Mikidadi alikuwa anapima mafuta ya taa. Akaweka kibaba chini. "Ilishuka?"

"Ya panya."

"Panya ana damu na mimi nina damu."

"Ndiyo, mzee, ila panya wa maabara ni kitu kingine. Kwa binadamu bado hatujui vizuri. Na huu wa huku hatujui kama ni ule ule au ni ndugu yake."

Sikuzani alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. "Ni nini humo ndani kinachoshusha?"

"Vitu vingi, mama. Kimojawapo ni aina ya wanga."

"Tabibu amesema apunguze wanga."

"Huu ni wanga mwingine. Tumbo haliwezi kuumeng'enya. Unapita tu."

"Kama unapita tu, unamsaidiaje?"

Abednego alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Hicho ndicho tunachokitafuta," akasema.

Sikuzani alirudi jikoni na mchele wake. Alijaribu kulipanga lile jambo kichwani: kuna wanga unaomuua mumewe, na kuna wanga unaomponya, na aliyesoma kuliko wote hajui kwa nini. Akaona afadhali asiulize tena.

Mikidadi yeye hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kesho yake alikwenda mwenyewe mashineni, akamwomba Nyanzala amletee ule mgumu. Sikuzani alikuwepo, alikuwa amekuja kusagisha.

"Huo wa kwenye magogo?" Nyanzala akashangaa. "Huo mimi namchemshia mtu wa tumbo. Mambo ya sukari siyajui, Baba Anuari. Mimi sukari naijua ya chai."

"Wewe lete."

"Nitaleta. Lakini sikukwambia ni dawa ya sukari. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

Akaleta. Sikuzani akauchemsha kwenye sufuria ndogo mpaka maji yakawa meusi, machungu, yenye harufu ya mti uliooza. Yeye mwenyewe aliyaonja, kwani hakutaka kumpa mumewe kitu asichokijua, na tangu siku hiyo alizoea kunywa nusu kikombe kila alipomchemshia, kwa sababu tumbo lake nalo lilikuwa na tabia ya kujaa gesi. Mikidadi alimeza kidonge chake kwa maji yale. Uji akaubeba, akasema atakunywa dukani. Mchana alikula uyoga na matonge mawili ya ugali. Jioni uyoga tena.

Wiki mbili hazikuisha, sisimizi wakatoweka chooni. Mikidadi akawa analala usiku kucha bila kuamka kwenda uani. Macho yaliyokuwa yanamwona mteja kama kivuli yakaanza kusoma tena maandishi kwenye pakiti za majani ya chai. Akawa anamsimulia kila mteja.

"Ni vile vidonge vinafanya kazi," Sikuzani alimwambia.

"Vidonge na uyoga."

"Utajuaje ni kipi?"

"Nijue ili iweje? Kama mambo yanakwenda, yaache yaende." Na kwa furaha hiyo akaongeza kikombe cha jioni.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Sikuzani alikuwa uani anaanua nguo aliposikia mumewe anagomba dukani. Mikidadi hakuwa mtu wa kugomba. Alipoingia alimkuta amemshika mteja mkono, anamwita Kasimu, anamuuliza baiskeli ameiacha wapi. Kasimu alikuwa kaka yao Mikidadi na Zakia, aliyekufa Ujiji mwaka wa themanini. Mteja, mwanamume mgeni kabisa, alikuwa anamwangalia Sikuzani kwa macho ya kuomba msaada.

"Baba Anuari," akamwita.

Mikidadi akageuka. Uso ulikuwa umelowa jasho kama aliyetoka mvuani, midomo inatetemeka. "Mwambie arudishe baiskeli," akasema, ulimi mzito. Halafu akakaa chini polepole, akaegemea pipa la mafuta, na macho yakafumba.

Sikuzani alipiga kelele. Watu wakajaa. Mama mmoja muuza chai wa jirani alikuja mbio na kikombe, chai ya rangi yenye sukari nyingi, akasema mtu akizimia hivi apewe kitu kitamu. Zakia, aliyekuwa amefika akiwa peku, aliupiga mkono wa yule mama, chai ikamwagika sakafuni.

"Mnataka kummaliza? Sukari ndiyo inayomuua!"

Hakuna aliyebisha. Sikuzani naye hakubisha, ingekuwaje abishe? Walimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea magunia, wakausukuma mpaka hospitali, Sikuzani akikimbia pembeni ameshika kichwa cha mumewe kisigongwe na mbao.

Nesi Lusia ndiye aliyewapokea. Alimgusa Mikidadi shingoni, akaona jasho, akauliza swali moja tu: "Anatumia vidonge vya sukari?" Sikuzani akasema ndiyo. "Leo amekula nini?" Sikuzani akaanza kukumbuka. Leo hata uji ulikuwa umebaki mezani. Ugali wa mchana ulikuwa bado jikoni.

"Maji ya uyoga," akasema.

"Chakula, mama. Chakula."

"Sijui."

Nesi akamwita Tabibu Thadei, na kwa pamoja wakatafuta mshipa, wakasukuma bomba kubwa la sindano, wakatundika chupa. Sikuzani alijua kusoma. Aliyafuata maandishi ya kwenye chupa kwa jicho, akauliza ni maji ya nini.

"Maji ya sukari," nesi akajibu.

Zakia alitaka kuruka kitandani, wakamzuia watu wawili. Lakini kabla hajamaliza kupiga kelele Mikidadi alifumbua macho. Alitazama dari, akamtazama mkewe, akauliza kwa sauti yake ya kila siku:

"Dukani umemwacha nani?"

Sikuzani alikaa kwenye sakafu ya wodi. Hakuweza kulia wala kucheka. Alimwambia Tabibu Thadei, "Naomba unieleze taratibu. Mtu ana ugonjwa wa sukari. Mmemwekea sukari. Amepona. Nieleze."

Tabibu alivuta kiti. Akaeleza kwamba kidonge kinaisukuma sukari ya damu ishuke, kwa hiyo mwenye kukimeza lazima ale, ale kwa saa, hata kama anakula kidogo. Mikidadi alikuwa anameza bila kula. Sukari ilishuka ikapita chini kuliko inavyotakiwa, na ubongo bila sukari haufanyi kazi. "Hayo nilimwambia siku ile ya kwanza," akasema.

Mikidadi aliangalia ukuta.

"Na uyoga?" Sikuzani akauliza. "Huo mgumu. Ni sumu?"

"Nisikudanganye. Uyoga huo siujui, hatukufundishwa. Lakini ingekuwa sumu, sidhani kama maji ya sukari yangemwamsha hivi. Kama na wenyewe unashusha, basi alikuwa anashusha mara mbili. Kama haushushi, ni kidonge na njaa. Mimi hapa siwezi kukitenga kimoja na kingine."

Kesho yake waliporuhusiwa, Sikuzani alilibeba jibu hilo mpaka nyumbani, na kila alipoligeuza lilikuwa na sura nyingine. Uyoga unaponya, na kwa kuwa unaponya umemwangusha? Au hauponyi, na wiki mbili zile za furaha zilikuwa za kidonge na kula kidogo? Alikuwa amechemsha sufuria moja kwa ajili yake na mumewe. Yeye alikunywa asubuhi ileile na hakuona kitu zaidi ya kucheua.

Zakia hakuwa na maswali ya namna hiyo. Kufikia Jumamosi, Majengo nzima ilikuwa imesikia kwamba kuna mwanamke wa kuja anauza uyoga wa sumu, na kwamba hata tabibu alitaja wanga siku ya kwanza, ila watu hawakusikia. Hadithi ilipofika mashineni ilikuwa imeota miguu. Mtu alipiga teke kapu la Nyanzala, uyoga ukasambaa kwenye pumba. Kesho yake alirudi, akakaa palepale, na hakuna aliyenunua. Siku ya tatu watoto walipomwona wakaanza kukimbia. Sikuzani aliyasikia haya kwa wateja, akaogopa, maana alijua neno la uchawi likimkalia mwanamke mjane linaweza kumpeleka wapi.

Alimfuata Abednego gesti. Chumba chake kilikuwa kimejaa uyoga uliokaushwa, umefungwa kwenye karatasi za kaki na kuandikwa namba.

"Mwalimu, wewe ndiye unayejua. Toka nje uwaambie watu uyoga haukumdhuru mume wangu."

Abednego alikuwa amekonda kwa siku chache. Alikuwa amesikia habari zote. "Nikisema haukuchangia nitakuwa nasema uongo," akasema. "Inawezekana ulichangia. Ukichanganya na kile kidonge, inawezekana."

"Basi ulimdhuru?"

"Sikusema hivyo pia."

"Sema ndiyo au sema hapana!"

"Siwezi, mama. Mpaka nikaupime. Na hata nikiupima, itachukua miaka." Alikaa kitandani, akashika kichwa. "Mimi ndiye niliyemwambia habari za panya. Nilipaswa kunyamaza."

Zakia, aliyekuwa amemfuata wifi yake na kusimama koridoni, alisikia neno moja tu, *ulichangia*, akaondoka nalo. Jioni hiyo balozi wa nyumba kumi, Mzee Gaspar, alituma ujumbe kwamba kesho saa kumi alasiri wahusika wote wakutane mbele ya duka.

Walikuja wengi kuliko wahusika. Nyanzala alikuja peke yake kutoka Nsemulwa, amejifunga kitenge kisafi, akasimama kando bila kukaa. Mzee Gaspar alikuwa na daftari na kalamu. Zakia alisema yake, kwa sauti kubwa na machozi ya kweli, kwani alikuwa amemwona mdogo wake akibebwa kwenye mkokoteni kama gunia. Akamaliza kwa kusema hata mtaalamu wa Dar amekubali. Watu wakamgeukia Abednego. Abednego alisema yake, ndefu, yenye inawezekana nne au tano, na kila inawezekana moja watu walizidi kunung'unika.

"Sikuelewi, kijana," Mzee Gaspar akasema. "Niandike nini hapa?"

Sikuzani hakuwa amepanga kusema. Alijikuta amesimama.

"Mzee, na mimi sielewi. Sikilizeni, mimi ndiye niliyepika. Huu uyoga nimeuosha kwa mikono yangu, nimeuchemsha, nimeunywa kabla yake, kila siku. Mimi hapa. Mtu akitaka kusema sumu, aanze na mimi mpishi. Tabibu ameniambia ni njaa na kidonge. Labda na uyoga, labda si uyoga, hajui, na huyu mwalimu hajui, na mimi ndiyo kabisa. Lakini kuna kitu kimoja nilikisikia kwa masikio yangu pale mashineni. Huyu mama alisema: mimi sijui mambo ya sukari, naujua kwa tumbo. Alisema hivyo. Sasa mnamshtaki kwa lipi?"

Zakia akasema, "Unamtetea mgeni, mumeo amelala kitandani?"

"Hajalala," sauti ikasema mlangoni. Mikidadi alikuwa amesimama kwa kuegemea fremu, shati halijafungwa vifungo. Hakuzoea kusema mbele ya watu kitu kisichokuwa bei ya sabuni. Aliangalia viatu vyake. "Ni kweli alisema. Nikamwambia tunaelewana. Na tabibu aliniambia nile, nisimeze kidonge na njaa. Nilisikia vizuri. Niliona nikila kidogo zaidi nitapona haraka zaidi." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Sikumwambia mke wangu. Uji nilikuwa nampa fundi cherehani wa hapa barazani."

Fundi cherehani, aliyekuwa kwenye kundi, aliinamisha kichwa.

Mzee Gaspar aliandika mstari mmoja, akaufuta, akaandika mwingine. Mwishoni akasoma kwamba mgonjwa alianguka kwa kutokula, na kwamba muuza uyoga hana kosa. Kuhusu uyoga wenyewe hakuandika kitu. Watu wakatawanyika polepole, wengine wakionekana kutoridhika, kama waliokuja kwenye ngoma isiyopigwa. Zakia aliondoka bila kumuaga mtu. Ilimchukua mpaka mwezi wa Ramadhani ndipo akaanza tena kuja kwa mdogo wake kufuturu, na hata hapo bakuli la uyoga likipita alilisogeza mbele kwa kidole.

Tabibu Thadei alipunguza kidonge kikawa nusu, akamkataza Mikidadi kufunga mwaka ule, na akakataza maji ya uyoga mgumu mpaka watakapojua zaidi. Uyoga wa kula hakuukataza. "Ni mboga nzuri," alisema, "ina nyuzinyuzi, haina mafuta, inashibisha bila kuongeza sukari. Kula na ugali kiasi. Na kula kwa saa." Kila alipopimwa, mkojo wa Mikidadi ulionyesha nafuu. Sikuzani aliuliza kama sasa hivi ni nusu kidonge, au ni uyoga wa mboga, au ni kule kula kwa saa. Tabibu akacheka akasema pengine ni vyote, aendelee hivyohivyo. Lilikuwa jibu lilelile la Mikidadi la mwanzo, safari hii limetoka kwa msomi, na Sikuzani hakujua kama alipaswa kufurahi.

Abednego aliondoka katikati ya Januari na masanduku matatu. Kabla ya kupanda treni alipita dukani, akamwachia Sikuzani anuani ya chuo, akamwahidi barua majibu yakitoka. Barua haikuja mwaka ule, wala uliofuata.

Kwa Nyanzala, wateja walirudi mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa yule mama muuza chai. Sikuzani naye alimwendea Nsemulwa siku moja, akiwa na kilo ya mchele na kipande cha sabuni, akamwomba radhi kwa yaliyotokea. Nyanzala alipokea mchele, akauweka ndani, akatoka na makapu mawili.

"Shika hili," akasema. "Kama unataka kumpikia mumeo, ujue unachopika. Twende."

Waliingia msituni wakati umande bado uko kwenye nyasi. Nyanzala alitembea mbele, anainama, anachuma, anaeleza: huu una pete shingoni, huu hauna, huu ukiukata unabaki mweupe, huu unageuka rangi, ule pale usiuguse kabisa. Sikuzani alikuwa anaitikia kila neno. Baada ya saa nzima Nyanzala alisimama, akachuma miwili chini ya mti mmoja, akampa mmoja kila mkono.

"Mmoja unaliwa. Mmoja huo ukila hutarudi Majengo. Ni upi?"

Sikuzani aliitazama. Yote miwili ilikuwa ya kahawia, yote ilikuwa na utelezi, yote ilikuwa na harufu ya udongo. Aliigeuza chini juu, akahesabu mistari, akainusa tena. Akanyoosha mkono wa kulia, akasita, akanyoosha wa kushoto.

"Sijui," akasema.

"Vizuri," Nyanzala akasema, akaichukua yote miwili, mmoja akautupa mbali vichakani na mwingine akautia kapuni. "Hata mimi msimu wa kwanza nilisema hivyo. Aliyenifundisha aliniambia nitakapoanza kusema najua haraka haraka, nirudi nyumbani nikapumzike. Kesho utakuja?"

"Nitakuja," Sikuzani akasema, bado anautazama mkono wake mtupu, akijiuliza ulioenda kapuni ulikuwa wa kulia au wa kushoto.